Land Cruiser ya 1HZ au Prado ya 1KZ-TE, zote zikiwa zimetembea sana

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, ambayo ina silinda sita, ujazo wa lita 4.2 na haina tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ni gari ambalo mtu anayeishi mbali na lami anaweza kulinunua hata likiwa limetembea kilometa 300,000, kwa kuwa pampu yake ya dizeli hufanya kazi kimakanika na fundi mzoefu wa mji mdogo huimudu. Kagua kutu kwenye chasisi. Na muuzaji asipothibitisha mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ubadilishe mara moja.

Prado ya mfululizo wa 90 yenye 1KZ-TE ya lita 3.0 hutulia zaidi barabarani na huifaa familia. Hata hivyo, injini hiyo yenye tabo ikichemka, silinda hedi yake, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, huweza kupasuka, na hilo ni tengenezo ghali. Kwa hiyo fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa, kisha iwashe na utazame kama mapovu yanatoka mfululizo, dalili kwamba hedi huenda imepasuka.

Mimi ningelipa zaidi nipate 1HZ, ingawa ni nzito kuongeza mwendo na kelele zake huchosha katika safari ya Dodoma hadi Mwanza.