Gari la gofu la petroli au la umeme kwa kazi za padoki: tathmini baada ya misimu mitatu

Mtu anayefika kwa mara ya kwanza katika uwanja wa mbio za magari wa Road America, karibu na kijiji cha Elkhart Lake katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, huyaona magari ya gofu kabla ya magari ya mbio yenyewe. Uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 1955, umetandaa katika ekari 640, na barabara yake ya mbio yenye urefu wa kilomita 6.5 inapanda na kushuka katikati ya misitu, kiasi kwamba hakuna fundi awezaye kwenda kwa miguu kutoka kwenye hema la timu hadi piti, yaani kando ya barabara ambako gari la mbio husimama kuhudumiwa, kutoka piti hadi kwenye ukaguzi, kisha pampu ya mafuta, na kurudi akiwa bado na nguvu za kufunga tairi. Kwa misimu mitatu nimekuwa fundi msaidizi wa timu ndogo isiyolipwa na mtu, na katika muda huo tumetumia gari la gofu la umeme lenye betri za maji, yaani zile za risasi na asidi, tukakodi lenye betri za lithiamu, na mwishoni tukanunua la petroli. Msomaji atakayepitia matangazo ya mauzo ya Kimarekani asidhani kwamba gari linalotajwa kuwa la gesi lina mtungi kama wa jikoni. Huko petroli ndiyo huitwa kwa jina hilo.

Kabla ya kulinganisha, ni haki kukumbuka kwamba magari haya hayakubuniwa kwa ajili yetu. Kampuni tatu zinazojulikana zaidi zote ziko katika jimbo la Georgia: E-Z-GO na Club Car katika eneo la Augusta, na Yamaha katika mji wa Newnan. Zilichokuwa nacho akilini ni watu wawili, mifuko miwili ya vijiti vya gofu, mwendo wa taratibu juu ya nyasi, na usiku mzima wa kupumzika kwenye chaja. Padoki, yaani eneo ambalo timu huegesha matela na kutengeneza magari yao, ina madai mengine kabisa. Gari hubeba mafundi wawili, tairi nne zikiwa na ringi zake, madumu ya mafuta, jeki na sanduku la spana, na hufanya safari fupi zisizohesabika, nyingine za mita mia moja tu, tangu alfajiri hadi usiku. Mwendo si hoja, kwa kuwa magari ya gofu ya kawaida hudhibitiwa yasizidi kilomita 24 kwa saa, na padokini hata huo ni mwingi.

Gari letu la kwanza lilikuwa la betri za maji, sita za volti 8, ambazo kwa pamoja hutoa volti 48. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 28, kwa hiyo kilo 170 hivi zimo ndani ya gari kabla ya mtu yeyote kuketi, na ni lazima zihesabiwe katika uzito wa tela njia nzima. Ijumaa lilifanya kazi vizuri sana. Jumamosi alasiri, zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya gari letu la mbio kuingia barabarani kutafuta nafasi ya kuanzia, likaanza kuchoka katikati ya mwinuko likiwa na tairi mpya nyuma, likapunguza mwendo, kisha likasimama. Tulilisukuma, na baadaye tukaziviringisha tairi kwa mikono, na dereva wetu alikosa mizunguko miwili aliyokuwa akiihitaji. Sikulilaumu gari wakati huo wala silaumu leo, kwa sababu kosa lilitokea usiku uliotangulia. Betri za maji zilizotumika kutwa huhitaji saa nane au zaidi kujaa, lakini soketi yetu ilikuwa ya kugawana na tela zima, na mtu mmoja alichomoa chaja saa tano usiku ili achemshe maji.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali hili haliamuliwi na injini wala mota, bali na usiku. Nguvu inayohitajika si kubwa: chaja ya aina hii hula takriban kilowati moja, na jenereta ndogo ya kilowati mbili inaiweza bila shida. Tatizo ni kwamba jenereta hiyo ingelazimika kunguruma hadi alfajiri katikati ya watu waliolala kwenye mahema, wakati viwanja vingi huwa na saa za ukimya. Na betri za maji hazisamehi mazoea mabaya. Zikishushwa mara kwa mara chini ya nusu ya uwezo wake, au zikiachwa bila chaji kwa wiki kadhaa kati ya mbio moja na nyingine, bamba za risasi hushika ukoga mgumu wa salfeti, na uwezo uliopotea haurudi. Timu ndogo huliacha gari ndani ya tela kwa miezi ya baridi bila kulikumbuka, nasi tulifanya hivyo. Seti mpya ya betri sita hupita dola 800, hivyo gari lililotangazwa kwa bei ya kuvutia laweza kuwa ghali siku ya pili.

Kuna hatari nyingine ambayo sijasikia ikizungumzwa vya kutosha. Watu hudhani gari la umeme ni salama zaidi karibu na mafuta kwa kuwa halina tangi, lakini betri za maji zinapochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo huweza kuwaka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Nimeona timu zikifunga milango ya tela usiku, chaja ikifanya kazi ndani, huku madumu ya petroli yakiwa yamepangwa ukutani. Jambo hilo lisifanyike kamwe. Chaji nje, chini ya turubai lililo wazi pande zote, na mafuta yakae mbali.

Pamoja na hayo yote, umeme una sifa ambazo petroli haizifikii, na ningekuwa nadanganya kama ningezipitia juu juu. Safari fupi ndiyo kazi yake halisi, kwani mota haina haja ya kupata joto wala kuwashwa. Halina moshi, kwa hiyo laweza kuingia gereji iliyofungwa bila kumwachia mtu hewa ya sumu. Unaweza kusikiliza redio ya timu ukiwa njiani. Breki ndiyo iliyonivutia kuliko yote: E-Z-GO RXV ya umeme, iliyoingia sokoni mwaka 2008 na mota ya mkondo geu (AC), hujizuia yenyewe kwenye mteremko, na ikisimama hujifunga breki bila dereva kugusa kitu. Gari la petroli lililoachwa mlimani na fundi mwenye haraka aliyesahau kukanyaga breki ya maegesho litashuka lenyewe, na chini ya mlima kuna watoto, mahema na magari yenye thamani ya nyumba.

La petroli tulilonunua ni Yamaha Drive2 iliyokwisha kutumika, toleo la QuieTech, lenye injekta badala ya kabureta na springi huru kwa kila gurudumu la nyuma. Tofauti niliihisi kwanza mgongoni, kwenye njia za changarawe nikiwa na mzigo, na pili masikioni, maana mlio wake ni mdogo kuliko nilivyotarajia. Tangi la magari ya aina hii hubeba takriban lita 20, na kwa matumizi yetu hutosha kuanzia Ijumaa hadi Jumapili na kubaki. Likipungua, mtu mmoja hulijaza kwa dakika mbili kutoka kwenye dumu, na hizo dakika mbili ndizo tulizozinunua. Mwinuko ule ule uliotuangusha tumeupanda tukiwa na tairi nane na watu wawili.

Kasoro zake zipo, na zinatokana na zile safari fupi. Injini ya gari la gofu huzimika unapoachia pedali na kuwaka tena unapoikanyaga, kwa hiyo katika padoki stata yake na mkanda wake hufanya kazi mamia ya mara kwa siku, huku injini ikikosa muda wa kupata joto la kutosha. Unyevu hukaa kwenye oili na plagi huchafuka mapema. Sisi hubadilisha oili kabla ya msimu na katikati yake, na plagi hukaguliwa kila baada ya mbio mbili. Nashauri pia kuepuka magari ya zamani yenye kabureta ikiwa gari litakaa miezi bila kuwashwa, kwa sababu petroli ya Marekani yenye asilimia 10 ya ethanoli hunyonya unyevu na kuacha utando unaoziba njia nyembamba za mafuta.

Gari la lithiamu tulilolikodi kwa wikiendi moja lilikuwa bora kuliko yote mawili kulitumia. Nguvu yake haikupungua jioni, lilijaa chaji kwa saa chache, na betri zake, za aina ya fosfeti ya chuma, hazihitaji maji wala hazitoi haidrojeni zinapochajiwa. Jambo la kuangalia ni kwamba betri hizo hazipaswi kuchajiwa halijoto ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na asubuhi za Aprili huko Wisconsin hufika hapo. Bei yake ndiyo iliyotuzuia.

Kwa hiyo uwanja unaokwenda ndio utakaokuamulia. Sebring, huko Florida, imejengwa juu ya uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi, ni tambarare, na gari la umeme lenye betri nzima litafanya kazi hapo kutwa bila kulalamika. Road Atlanta, huko Georgia, ni milima, kama Road America. Daytona, pia huko Florida, ambako mbio za Januari huchukua saa 24, hakuna usiku wa kuchaji hata kidogo, na mwenye betri za maji hapo atahitaji magari mawili. Timu yenye gereji ya kudumu na soketi yake yenyewe inunue la lithiamu bila kusita. Timu inayolala kwenye hema na kuomba umeme kwa jirani inunue la petroli lenye injekta, iwe Yamaha au E-Z-GO ya injini ya EX1. La betri za maji nalipendekeza tu kwa anayeweza kulichaji nyumbani kila wiki, na anayelinunua mkononi mwa mtu asome kwanza tarehe iliyogongwa kwenye kila betri, kisha alipandishe mlima likiwa na watu wanne kabla ya kutoa pesa.