TestLink kwa kupanga na kuhifadhi majaribio ya programu: uzoefu wangu

Kwa timu ndogo isiyo na bajeti ya leseni, bado naipendekeza TestLink. Ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, na seva ya kawaida yenye hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL inatosha kuiendesha. Ukishaisimika, kabla hujampa mtu yeyote anwani, badilisha nywila ya msimamizi (inakuja admin/admin) na ufute folda ya install.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi inavyotenganisha mambo. Kesi za majaribio (kila moja ni maelezo ya jambo moja la kupima) zinakaa ndani ya mradi, zimepangwa kwa makundi. Mpango wa majaribio unachagua kesi zipi zifanyiwe kazi safari hii. Chini ya mpango kuna bildi, yaani kila toleo la programu linalotolewa ili lipimwe, na kila tokeo (imefaulu, imefeli, imezuiwa) huandikwa kwenye bildi yake. Kesi iliyofaulu bildi 14 ikafeli bildi 15 inamwonyesha mtengeneza programu mara moja aanzie kutafuta wapi. Ukitumia bildi moja mwanzo mpaka mwisho, hilo unalikosa kabisa.

Kesi ina muhtasari, masharti ya awali, hatua, na matarajio ya kila hatua. Hapo ndipo wengi wanapolegea. "Malipo yafanye kazi vizuri" hayapimiki. Kwa malipo ya simu Tanzania mimi naandika hivi. Masharti: oda ya shilingi 5,000 haijalipwa. Hatua ya kwanza: ingiza namba inayoanza na 07, tarajio: mfumo uigeuze ianze na 2557 kabla ya kutuma ombi. Hatua ya pili: tuma uthibitisho uleule wa malipo mara mbili, tarajio: oda isomeke "imelipwa", risiti iwe moja tu. Mtu mgeni kwenye mradi anaweza kuiendesha bila kuuliza.

Jihadhari na matoleo ya kesi. Ukitengeneza toleo la 2, mpango unaendelea kushika toleo la 1 hadi uuhuishe mwenyewe. Usipofanya hivyo, watu watapima hatua zilizokwisha kubadilika na ripoti itaonekana safi.

Kuunganisha kesi na mahitaji ya mradi kunafaa sana, maana hitaji lisilo na kesi hata moja linaonekana waziwazi. TestLink inaungana pia na mifumo ya kufuatilia hitilafu kama Jira, Mantis na Bugzilla, hivyo namba ya hitilafu inakaa pembeni ya tokeo.

Sura ya TestLink ni ya kizamani, na kuandika hatua nyingi kunachosha. Kesi zilizo kwenye Excel lazima zigeuzwe kuwa faili la muundo wa XML kwanza ndipo ziingizwe. Jaribu na kesi tatu nne kabla ya kuingiza zote.

Kwenye chelezo (nakala ya akiba), viambatisho vikihifadhiwa kwenye folda ya upload_area, kunakili hifadhidata peke yake hakutoshi: nakili na folda hiyo, la sivyo picha zote za hitilafu zitapotea siku ya kuhamisha seva.