Diski ya nje inayokaa kabatini: nunua nini ili vilivyomo visipotee

Diski ilikuwa juu ya meza, waya wake umening'inia hadi kwenye laptopu. Mtoto wa dada akapita mbio akimfukuza paka, mguu ukanasa kwenye waya, diski ikadondoka kwenye sakafu ya saruji. Haikupasuka hata pembeni. Nilipoichomeka tena ikalia tik, tik, tik, ikanyamaza, ikaanza tena. Ndani yake mlikuwa na saa kumi na moja za bibi akisimulia ukoo wetu ulivyohama kutoka Pangani, na bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Fundi wa kwanza alitaka kuifungua palepale mezani kwake, feni ikivuma. Nilikataa, na ninashukuru: kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, kwa hiyo chembe moja ya vumbi yatosha kuikwaruza. Lakini gharama ya kuipeleka nje ya nchi kwenye maabara isiyo na vumbi ilitushinda. Kilichobaki ni video tatu ambazo shangazi anayeishi Muscat alizinakili kwenye flashi alipokuja likizo.

Mtu akiniambia "mimi nina bakapu, vitu vyangu vyote viko kwenye diski ya nje", humuuliza kama vipo pia mahali pengine. Mara nyingi jibu ni hapana: vilishafutwa kwenye simu ili kupata nafasi. Hiyo si bakapu, hiyo ndiyo asilia, na iko peke yake. Tena programu za bakapu zinazokuja na kompyuta haziitunzi diski hiyo. Time Machine ya Mac huziruka diski za nje mpaka wewe mwenyewe uziondoe kwenye orodha ya vitu vya kuachwa, na File History ya Windows huangalia folda za mtumiaji, si diski unayoichomeka mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo hapa chini ninapanga vitu vya kununua kwa kigezo kimoja: kipi kitakulinda hata kama diski yako inalala kabatini wiki tatu.

1. Diski ya pili ya kuzunguka

Ni diski ya kawaida (HDD), yenye sahani zinazozunguka ndani. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua hiki. Chukua ile ndogo ya inchi 2.5 inayopata umeme kwenye waya wa USB, ili usihitaji adapta wala soketi. Zile kubwa za inchi 3.5 zina maana ukihitaji zaidi ya TB 5 au 6, vinginevyo umeme ukikatika katikati ya kunakili utajuta.

Ukubwa uwe mara mbili ya diski unayoilinda. Mwenye TB 2 anunue TB 4, ili pawe na nafasi ya matoleo ya zamani ya mafaili. Na isiwe pacha kamili: diski mbili za kampuni moja, zilizonunuliwa siku moja kutoka boksi moja, huenda zina udhaifu uleule.

Kuhusu muda, fanya hesabu kabla ya kukaa. Kwa USB 3 diski hizi huandika kama MB 100 kwa sekunde, hivyo TB 1 huchukua karibu saa tatu. Ukiichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2, kazi ileile huvuka saa nane. Nyingi kati ya diski hizi pia hupunguza kasi zikiandikiwa mfululizo kwa muda mrefu, kwa sababu njia zake za data zimepangwa zikilaliana kama vigae. Usidhani imeharibika. Iache imalize. Mara ya pili programu hunakili mabadiliko tu, dakika chache basi.

Programu ninayoitumia kunakili ni FreeFileSync, ambayo kwa matumizi binafsi ni ya bure. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu hupoteza vitu wakidhani wanavilinda. Windows huweza kuipa diski yako herufi E leo na F kesho, na kazi uliyoipanga ikatafuta mahali pasipo sahihi. Kwa hiyo, badala ya herufi, andika jina la diski ndani ya mabano ya mraba, kwa mfano [BIBI]\Video. Kisha chagua mtindo wa kusasisha, Update, si ule wa kioo, Mirror. Kioo hufanya upande wa pili ufanane na wa kwanza kwa kila kitu, pamoja na kufuta: ukifuta folda kwa bahati mbaya kwenye asilia, na nakala nayo inafutwa. Ukilazimika kutumia kioo, washa sehemu ya matoleo, ili mafaili yanayoondolewa yahamishiwe kwenye folda ya pembeni. Na kila mara, kabla ya kubonyeza kitufe, angalia mishale katikati ya skrini inaelekea upande gani. Ukiona mishale inaelekea kwenye asilia yako, simama.

Ikishanakiliwa, iondoke nyumbani. Moto, mwizi na maji ya mafuriko havichagui droo.

2. Hifadhi ya mtandaoni, kwa vile visivyopatikana tena

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mbali. Mtandao ni "mbali" nzuri, ila soma masharti. Kampuni ya Backblaze, kwa huduma yake ya kunakili kompyuta binafsi, inakubali diski za nje, lakini kwa mpangilio wa historia ya siku 30 diski isiyochomekwa kwa muda huo nakala yake huondolewa. Ipo historia ya mwaka mzima, lakini hakikisha umeichagua. Kwa diski ya kabatini napendelea hifadhi ya kawaida unayolipia nafasi, kama Google Drive, ambayo haijali diski iko wapi. Nayo ina sharti: ukiacha kulipia ukabaki umezidi nafasi yako kwa miaka 2, Google inaweza kufuta vitu vyako.

Usijaribu kupandisha kila kitu. Kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 10, TB 1 ni siku tisa na ushei bila kukatika, na kwa bando la simu usithubutu. Chagua GB 60 za sauti za wazee, picha za harusi na vyeti. Hizo humalizika kwa saa kumi na tatu hivi, yaani iache usiku kucha.

3. NAS

Ni kisanduku chenye diski mbili au zaidi kinachounganishwa na ruta. Synology na QNAP wanavyo vyenye tundu la USB na programu ya kunakili diski ya nje pindi inapochomekwa, na baadhi vina kitufe kabisa mbele. Kwa nyumba yenye diski tano hii ni raha. Lakini gharama yake ni mara kadhaa ya namba 1, inataka UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), na inakaa chini ya paa lilelile. Diski zake kuakisiana hukulinda dhidi ya diski moja kufa, si dhidi ya kufuta kwa makosa.

4. SSD ya nje

Hii huhifadhi data kwenye chipu. Pengine ingestahimili lile anguko la mezani, kwa kuwa haina kinachozunguka. Kwa kusafiri nayo ni bora kuliko zote. Kwa kulala kabatini, hapana. Data yake hushikiliwa na chaji ya umeme inayovuja taratibu, na joto huharakisha: kipimo cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya vifaa vya namna hii, kwa SSD za kawaida zilizokwisha kutumika hadi kikomo chake ni mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30. Mpya hudumu zaidi ya hapo, lakini stoo ya pwani huzidi nyuzi hizo kwa urahisi. Na kwa TB 4 bei yake inaweza kuwa mara mbili au zaidi ya diski ya kuzunguka.

Usiguse

"SSD ya TB 16" inayouzwa kwa bei ya flashi. Mara nyingi ndani mna memori kadi ndogo iliyofanyiwa ujanja wa kudanganya ukubwa. Mafaili yataonekana yameingia, majina yote yapo, ukiyafungua hayafunguki.

Dukani omba diski ichomekwe na programu ya CrystalDiskInfo, inayoonyesha hali ya diski, ifunguliwe. Saa za kuwashwa ziwe sifuri au chache sana, la sivyo umeuziwa iliyotumika. Nyumbani, kabla ya kuweka chochote, ijaze kwa programu ya H2testw, ambayo huandika diski nzima kisha kuisoma. Kwa TB 4 ni karibu siku nzima, usiku na mchana.

Yangu ya pili iko Korogwe kwa kaka, ndani ya kopo la biskuti pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Juu ya kopo nimeandika tarehe ya nakala ya mwisho, na kila Idi tunabadilishana: anakuja na moja, anaondoka na nyingine. Video tatu za bibi zimo katika zote mbili.