Mipira ya silikoni kwenye KLR650 ya 1999: mipira safi, klipu hovyo

Haya wadau, karibuni tena. Leo sina pikipiki mpya. Ni kongwe wangu yuleyule, Kawasaki KLR650 ya 1999, na kilichobadilika ni hii mipira ya bluu mnayoiona kwenye rejeta, yaani mabomba yanayopitisha maji ya kupozea injini. Watu wa boda mtanisamehe: Boxer yako inapozwa na upepo, haina rejeta, kwa hiyo wewe angalia kwa kujifurahisha tu.

Kwanza nikuonyeshe nilichokitoa. Huu ni mpira wa juu, umri wake ndio umri wa pikipiki. Kwa macho utasema mzima. Nauminya katikati, unarudi vizuri. Sasa naminya huku mwishoni, karibu na klipu inayoubana... umesikia? Kama mtu anamenya karanga. Nimeupasua kwa wembe, na ndani kuna ufa umefuata urefu wa mpira. Nje hauoni kitu. Kwa hiyo usiangalie tu, minya, na uminye injini ikiwa imepoa.

Mimi taarifa niliipata mlima Kitonga. Napanda gia ya pili nyuma ya lori la makontena, sindano ya joto ikaanza kunyanyuka, halafu ile harufu tamutamu ya kulanti, yale maji ya kupozea injini. Nikapaki. Yalikuwa yanatoka kama jasho chini ya klipu. Nikakaa karibu saa nzima kabla ya kugusa kifuniko, maana rejeta ikiwa imefungwa inabeba presha ya kama bar 1, na maji humo hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi. Ukifungua ya moto, presha inatoka ghafla na yote yanakuchemkia usoni.

Sasa seti yenyewe, niliyoagiza mtandaoni. Mipira nimeridhika nayo. Ina nyuzi ndani, kona zimekaa mahali pake, ila huu wa chini ulizidi kidogo, milimita 8, nikaukata kwa kisu kikali. Silikoni inavumilia joto na haikakamai upesi kama mpira wa kawaida. Lakini haielewani na oili wala petroli, kwa hiyo kabureta lako likivuja, anza na kabureta. Na mvuke wa maji hupenya kwenye silikoni taratibu, hivyo tangi la akiba la kulanti utalichungulia mara nyingi kuliko ulivyozoea.

Klipu zilizokuja na seti: takataka. Ona mkanda wake, una matundu ya mistari. Silikoni ni laini, ukikaza inaingia kwenye matundu na kukwanguliwa kama nazi kwenye mbuzi. Nimetupa zote, nikaenda Kariakoo kutafuta zenye mkanda laini kwa ndani. Ukiikuta seti inauzwa bila klipu, chukua hiyo.

Kutoa ya zamani, fundi wangu alishashika bisibisi aanze kuchokonoa. Nikamwambia kaka, hapana! Shingo ya rejeta ni alumini, mkwaruzo mmoja tu itavuja hata kwa mpira mpya. Pasua mpira kwa wembe, ubandue kama ganda la muhogo, halafu sugua ule utando mweupe kwa msasa laini.

Kulanti nimechanganya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale matupu, siyo ya asidi. Ya zamani usiimwage uani. Ni tamu, na mbwa akilamba anakufa. Ukishajaza, washa injini kifuniko kikiwa wazi kuanzia ikiwa baridi, minyaminya mipira mpaka mapovu yaishe, ongeza, ndipo ufunge.

Jana nimeenda Morogoro na kurudi. Asubuhi nimezungusha tishu kwenye kila klipu: kavu, kavu, kavu... hii ya wota pampu ina doa, mnaliona? Nimekaza robo mzunguko. Kesho naipitia tena.