Programu ya Biblia ya YouVersion: je, inafaa kumsahihisha mhubiri?

Programu hii ya bure, isiyo na matangazo, ilianza kupatikana kwenye simu mwaka 2008, ikitengenezwa na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani. Kwa Kiswahili ina Union Version (SUV), Habari Njema (BHN), Neno, na hata tafsiri ya Roehl ya 1937. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: fundisho la Jumapili limepotoka, na unataka kuzungumza na aliyelifundisha bila kumvunjia heshima.

Kwa kusoma aya mahali pake, inasaidia sana. Chukua aya iliyowafunga wengi midomo, Zaburi 105:15: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Ikihubiriwa peke yake, "masihi" (yaani wapakwa mafuta) wanakuwa wahubiri, na hata kuuliza hesabu za sadaka kunageuka dhambi. Fungua sura yote, anzia aya ya 8. Aya ya 9 na ya 10 zinawataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Ya 13 inawaonyesha wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Ya 14 inasema wafalme walikemewa kwa ajili yao. Wanaolindwa ni familia ndogo ya wageni, na wanaoonywa ni wenye nguvu. Kisha nenda Mwanzo 20. Abimeleki anaambiwa kwamba Ibrahimu ni nabii (aya ya 7), na aya mbili mbele anamwita nabii huyo huyo na kumuuliza, "Umetutenda nini?" Ibrahimu hakudhurika, ila alijieleza.

Sehemu ya kutafuta ina mtego. Andika "mpakwa mafuta" ukiwa ndani ya SUV, na huenda aya hiyo isitokee, kwa kuwa SUV imeandika "masihi". Tafuta maneno ya toleo lenyewe, usitafute msemo wa mimbarini. Kwa sababu hiyo hiyo, usitangaze kwamba jambo fulani "halimo kwenye Biblia" kabla ya kujaribu matoleo mawili na maneno tofauti. "Jisaidie nami nitakusaidia" utaitafuta usiku kucha. Hiyo kweli haimo.

Ukigusa aya utaona pia nafasi ya kuilinganisha katika matoleo. Inafaa pale kosa lilipo kwenye maneno yenyewe, kama pale mtu anapofundisha kuwa fedha ni shina la mabaya wakati 1 Timotheo 6:10 inasema ni kupenda fedha. Lakini makosa mengi ya mimbarini hayatokani na tafsiri. Yanatoka kwenye aya iliyokatwa, na aya iliyokatwa ukiisoma katika matoleo matano bado imekatwa.

Kasoro kubwa ni urahisi wa kugeuza aya moja kuwa picha. Jumapili jioni picha inatua kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, bila jina la mtu, na kila mmoja anajua inamlenga nani. Hicho ni kijembe chenye mandhari ya machweo. Prisila na Akila walimsikia Apolo akifundisha katika sinagogi, wakamchukua kwao ndipo wakamweleza kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26).

Matumizi yanayofanya kazi ni haya. Pakua matoleo mawili mapema, usitegemee bando. Andika alichosema mhubiri kwa maneno yake mwenyewe. Kama kuna rekodi, isikilize tena, maana mara nyingine kosa ni la msikilizaji. Omba nafasi faragha, katikati ya wiki. Kisha: "Shikamoo mchungaji. Somo la Jumapili limenifikirisha. Naomba tusome pamoja Zaburi 105, aya ya 8 hadi ya 15, unisaidie kuona hawa masihi ni akina nani." Mwache asome yeye, kisha nyamaza. Ukimfikia na aya kumi ulizozipaka rangi, atajitetea, hatasoma. Ukija na wenzako wawili siku ya kwanza, umeruka hatua: Mathayo 18 inaanza na wewe na yeye peke yenu, na mashahidi ni aya ya 16.

Kuna fundisho lisilosubiri katikati ya wiki. Mtu akiambiwa aache dawa za VVU, za kisukari au za kifua kikuu kwa kuwa ameombewa, mwendee mgonjwa siku hiyo hiyo asikatize dozi, na uwaarifu wazee wa kanisa. Paulo alimwambia Kefa (yaani Petro) kosa lake mbele ya wote (Wagalatia 2:14), kwa kuwa mfano wake ulikuwa tayari unawavuta wengine.

Na kuna wazee ambao simu mezani kwao ni utovu wa adabu. Kwa hao iache mfukoni na umwombe mzee afungue Union Version yake ya karatasi. Huenda aya ya 14 tayari ameipigia mstari.