Katambuga za fundi wa Tandika, baada ya mwaka mzima

Nilichoka kununua kandambili kila baada ya miezi mitatu, mikanda ikikatika naziacha jalalani. Na aliyezitengeneza huko kiwandani kalipwa nini, hujui.

Mwaka jana nikaenda kwa fundi mmoja wa katambuga, yaani ndala za tairi, pembeni ya soko la Tandika, Dar es Salaam, mwenye lundo lake la matairi mabovu. Akanisimamisha juu ya kipande cha tairi, akazungusha chaki kwenye mguu, akakata kwa kisu huku akikichovya majini ili kiteleze. Dakika 40, shilingi 12,000, hela yote mkononi mwake.

Wiki ya kwanza zilinichubua kidole gumba, sikufichi. Nikarudi, akalegeza mkanda bure. Ni nzito, na kwenye vigae vyenye maji utaanguka. Harusini sivai, mama mkwe alishanitazama miguu mara moja, ikatosha. Kagua misumari pia, mmoja ulichomoza ukanichoma kisigino.

Lakini soli haijalika hata robo. Jumamosi nimempelekea nyayo za wanangu wawili, nimezichora kwenye karatasi ya daftari.