Mafungo Bila Kufunga Stoo: Wiki 12 za Sala Katikati ya Biashara ya Dagaa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mafungo ni ya watu wenye nafasi. Mapadre na masista huenda mafungo kila mwaka, walimu hungoja likizo, na wenye uwezo hulipia siku tatu katika nyumba tulivu kando ya ziwa, wakazima simu, wakasali na kurudi nyumbani nyuso zimenawiri. Mimi ninauza dagaa kwa jumla katika soko la Mwaloni, Kirumba, na siku tatu bila simu kwangu maana yake ni mzigo kutoka visiwani kushushwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ilipotangazwa baada ya Misa kwamba parokia ya jirani inaandaa mafungo ya wiki 12 ambayo mshiriki haachi kazi wala halali nje ya nyumba yake, niliandikisha jina siku ileile. Sasa nimeyamaliza, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya Mkristo yeyote wa Mwanza au wa visiwani anayejiuliza kama yanastahili muda na fedha yake. Waongozi waliomba wasitajwe, wao na parokia yao, nami nimeheshimu ombi hilo.

Utaratibu wake ni huu. Kila siku mshiriki hutenga nusu saa ya kusali kwa kutumia kifungu kimoja cha Maandiko alichopewa, kisha mara mbili kwa siku, mchana na usiku, huketi kwa dakika chache kuipitia siku yake mbele ya Mungu. Mara moja kwa wiki hukutana na mwongozi wa kiroho, wawili peke yao, kwa muda wa dakika 45 hivi, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, kundi zima hukusanyika. Mchango ulikuwa Sh 30,000 kwa wiki zote 12, pamoja na kijitabu na daftari. Kundi letu lilikuwa na watu 9, miongoni mwao muuguzi, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, mama mmoja aliyekuwa akitoka Sengerema na kuvuka kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, na mfanyabiashara mwenzangu wa kanisa la AIC (Africa Inland Church) ambaye hakuulizwa hata mara moja kwa nini amekuja kwa Wakatoliki.

Njia hii si ya jana. Chimbuko lake ni Mtakatifu Ignasi wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, akaanza kuusikia wito wake akiwa kitandani anauguza jeraha, na ambaye shirika lake la Wayesuiti lilithibitishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1540. Mazoezi aliyoyapanga kwa kawaida huchukua siku 30 za ukimya, lakini yeye mwenyewe katika maelezo yake ya mwanzo aliwafikiria watu waliobanwa na shughuli, akaelekeza kwamba mtu wa namna hiyo atenge saa moja na nusu kila siku na kuendelea na kazi zake. Sisi tulipunguziwa zaidi. Mwanzoni nilihisi kwamba tumepewa uji mwepesi mahali pa ugali, lakini kufikia wiki ya tatu nusu saa ile ilikuwa imenilemea vya kutosha, na ninadhani waliopunguza walijua wanafanya nini.

Kifungu kilichonishika kuliko vyote kilikuja wiki ya nne, nacho ni mwanzo wa sura ya 5 ya Injili ya Luka, Yesu anapowakuta wavuvi wanaosha nyavu zao kando ya ziwa. Nimeisikia Injili hiyo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuambiwa niketi ndani yake nusu saa nzima, nitazame watu, nisikilize sauti, ninuse. Mtu wa mwaloni hahitaji kulazimisha mawazo ili afanye hivyo. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa, katika siku za giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu ya kuwavuta, na mitumbwi mingi hupumzika. Ninaujua uso wa mvuvi aliyeingia ziwani katika giza zuri, akatumia chaji yote ya taa zake, akarudi alfajiri na ndoo mbili. Haongei. Anaosha wavu polepole, akihesabu moyoni deni la mafuta ya injini na posho ya vijana wake. Simoni alikuwa na uso huo. Na Yesu, kabla ya kumwambia lolote juu ya wito, alimwomba chombo chake: akaketi ndani yake akafundisha watu. Baada ya hapo ndipo aliposema, "Tweka mpaka kilindini, mkashushe nyavu zenu mvue samaki."

Niliposoma hivyo katika stoo yangu, nikiwa nimeketi juu ya magunia kabla vijana wa kupakia hawajafika, niliona kwamba siku zote nilikuwa nikimpa Mungu Jumapili yangu, zaka yangu na kwaya yangu, lakini chombo changu chenyewe, yaani mizani, daftari la madeni na simu ya wateja, nilikuwa sijawahi kumkaribisha akalie. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulifundisha wazi kwamba wito wa utakatifu ni wa Wakristo wote, na kwamba walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, huuitikia wakiwa ndani ya shughuli za dunia hii. Nilikuwa nimelisikia fundisho hilo katika semina zaidi ya moja. Kulisikia ukiwa na harufu ya dagaa mikononi ni jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo faida kubwa ya mafungo haya ilipo, na pia ugumu wake. Ile desturi ya kuipitia siku huanza kwa shukrani, kisha mtu huomba mwanga, huzipitia saa zake moja baada ya nyingine akitazama ni wapi moyo wake ulisogea karibu na Mungu na wapi ulijikunja, huomba msamaha, na mwisho huitazama kesho. Mchana mmoja wa wiki ya tano, nikiwa katika zoezi hilo, mkono wangu ulikuwa umepumzika ndani ya gunia lililofunguliwa. Nilipouinua, mchanga ulichuruzika kati ya vidole. Dagaa wanaoanikwa juu ya mchanga wa ufukweni, badala ya juu ya vichanja au nyavu, hurudi na mchanga, na katika majira ya mvua hurudi pia na unyevu, na vyote viwili vina uzito. Kila mfanyabiashara wa Mwaloni anajua hivyo. Mimi sikuwa ninatia mchanga, ila nilikuwa siutoi. Mteja wa Kongo alikuwa akilipia kilo za mchanga wa Ukerewe, nami nilikuwa nikimwekea sahihi kwenye risiti.

Nilimpelekea mwongozi wangu jambo hilo Alhamisi. Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea: kwamba mchanga si wangu, kwamba bei yenyewe imeshapigiwa hesabu ya mchanga, kwamba nikiuchekecha peke yangu nitapunguza uzito wakati wenzangu hawapunguzi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama," akasema, "huo mchanga ulikuwepo kabla hujaanza kusali, au umeanza baada ya hapo?"

"Ulikuwepo, Sista."

"Basi mshukuru Mungu kwa macho. La kufanya, muulize yeye. Mimi sitakuambia."

Nilikasirika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kutafuta ama ruhusa ama amri. Baadaye alinieleza kwamba katika maelezo yaleyale ya mwanzo, Ignasi anamtaka anayeongoza wengine asiwaelemeze upande wowote, bali asimame katikati kama mizani, amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake. Siwezi kueleza jinsi neno hilo lilivyomwingia mtu ambaye hushika mizani tangu saa kumi na mbili asubuhi. Wiki iliyofuata tulipewa Luka sura ya 3, mahali watoza ushuru na askari wanapomwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini. Hakumwambia hata mmoja wao aache kazi. Aliwaambia watoza ushuru wasitoze kupita kiasi walichoamriwa, na askari watosheke na mshahara wao. Nilisali na mistari hiyo siku nne mfululizo. Siku ya tano nilinunua chekeche mbili na turubai, nikaajiri mama mmoja wa kuchekecha na kuanika upya kabla ya kupima. Kila gunia linapungua, na pengo hilo linatoka mfukoni mwangu. Bado sijajua litazibwa na nini. Lakini ninapima nikiwa na amani, na ninaiandika hapa kwa kuwa ni sehemu halisi ya gharama ya mafungo haya, ambayo haimo ndani ya zile Sh 30,000.

Jambo jingine nililolipata sikulitarajia. Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilikuwa inanishawishi nigombee uenyekiti, nami nilikuwa nimekwisha kuona kwamba huo ndio wito wenyewe, kwani nani angekataa kazi ya Kanisa? Tulifundishwa kutofautisha faraja ya roho na ukiwa wa roho, yaani kutazama kile kinachobaki moyoni baada ya wazo kupita. Nilipoliweka wazo la uenyekiti mbele ya Mungu kwa siku kadhaa, kilichobaki kila mara kilikuwa mbio na hamu ya kusifiwa, na chini yake uchovu. Nilipomfikiria mama mkwe wangu mgonjwa, ambaye nilikuwa nimemwachia binti wa kazi, kilichobaki kilikuwa uzito wenye utulivu. Nilikataa uenyekiti. Wapo walioniona nimepoa katika imani, na siwalaumu, maana hata mimi miezi michache iliyopita ningemhukumu hivyohivyo mtu mwingine.

Sasa kasoro, kwa kuwa zipo na zinarekebishika. Kijitabu kimetafsiriwa kwa Kiswahili kigumu, chenye sentensi ambazo mtu anazisoma mara tatu, na mifano yake ni ya nchi za baridi: mtu anaambiwa awaze bustani iliyofunikwa na theluji wakati dirishani kwake kuna ziwa, mawe na ndege mnandi. Waongozi wetu walilijua hilo wakawa wanabadilisha kwa mdomo, lakini aliyekosa kikao alibaki na theluji yake. Pili, kila kitu kinategemea kusoma na kuandika daftari. Kijana wa bodaboda alikuwa na moyo wa sala kuliko wengi wetu, lakini kuandika kulimtesa hadi alipokubaliwa, wiki ya sita, arekodi sauti katika simu yake. Ruhusa hiyo ingetolewa siku ya kwanza. Tatu, vikao vya Jumamosi viliwekwa saa nne asubuhi, saa ambayo mtu wa soko hawezi kuondoka hata akitaka. Mafungo yanayosema yanamfuata mtu kazini yaangalie pia saa ya kazi yake. Nne, waongozi hawalingani. Wa kwanza niliyepangiwa alizungumza yeye dakika 40 kati ya 45, na baada ya wiki mbili niliomba kwa heshima nibadilishiwe, wakakubali bila maswali. Mtu akipangiwa asiyemsikiliza, asione haya kuomba.

Siku ya kufunga tulipelekwa Bukumbi, ambako Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni mwaka 1883, tukakaa kimya kuanzia asubuhi hadi Misa ya jioni. Ilikuwa nzuri. Chakula kilichelewa.

Nisingempendekezea mafungo haya mtu aliye katika msiba mbichi au mgogoro mkali wa ndoa, kwa kuwa ukimya wa kila siku hufukua mengi na dakika 45 kwa wiki hazitoshi kuyabeba. Huyo aanze kwa padre wake au kwa mshauri mwenye ujuzi. Pia anayetafuta maombezi ya nguvu na majibu ya papo hapo atachoka mapema. Lakini kwa mwenye kazi ya mikono au ya biashara, anayesali kwa desturi na kuhisi kwamba sala yake inaishia mlangoni mwa kanisa, sijaona kitu kinachomfaa zaidi ya hiki katika mji huu.

Anayetaka kujiunga aulize katika ofisi ya parokia yake au kwa masista walio karibu naye, kwa sababu makundi haya hayatangazwi sana na nafasi hujaa haraka. Aende na Biblia yake mwenyewe aliyoizoea, na kabla ya kulipa achague saa na mahali pa ile nusu saa ya kila siku, kwani watatu kati yetu waliosema wataona mbele ya safari ndio waliokatika. Mimi nimejiandikisha kwa awamu ya pili, inayoanza baada ya Pasaka. Vikao vimesogezwa hadi saa tisa alasiri, na mizani yangu tayari nimemkabidhi mama anayechekecha, ili Jumamosi hizo apime yeye.